Barua ya Kuachishwa Kazi Iandikwe kwa Kiswahili

Kiingereza cha biashara kina mafungu mafupi ya maneno yanayobeba mambo mazito. Kitenzi cha kila siku, kuweka au kuandika, hupachikwa kineno kimoja nyuma yake na maana ikahama kabisa. Mafungu hayo yamo hata katika barua za kuachisha kazi. Wiki hii limetolewa tangazo la kupunguza wafanyakazi, na limekwishasikika kila kona. Kinachotia wasiwasi ni barua waliyokabidhiwa wafanyakazi hao: ukurasa mmoja wa Kiingereza, na chini yake mstari wa kutia saini. Wametia saini.

Neno linalopendwa katika barua za namna hiyo ni "lay off". Zamani, viwandani Uingereza na Marekani, lilihusu mtu aliyepumzishwa kazi zilipopungua, akingoja kuitwa tena. Siku hizi, mara nyingi, linamaanisha ajira imekwisha. Wengine huandika "let go", kana kwamba mfanyakazi ndiye aliyeomba ruhusa ya kuondoka. Anayeisoma "lay off" neno kwa neno huelewa kwamba amepewa mapumziko. Anarudi nyumbani na kusubiri kuitwa. Hapo ndipo anapoumia, kwa sababu nchini Tanzania anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa kufikisha lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zikipita, lazima kwanza aombe akubaliwe kuchelewa, tena kwa sababu za msingi. Ametia saini asichokielewa, na siku zinakwenda.

Benki nazo zina lao. "Write off" kwa mhasibu ni kuliondoa deni kwenye hesabu ya mali za benki baada ya kukata tamaa kwamba litalipwa. Mkopaji bado anadaiwa, dhamana bado imeshikwa, mdhamini bado anaweza kufuatwa. Inapotangazwa kwamba benki imefuta mikopo chechefu, yaani isiyolipika, mama mwenye duka la nafaka aliyekopa humo hushukuru kwa msamaha ambao hakupewa. Kufuta deni vitabuni ni jambo moja, kulisamehe ni jingine, na Kiswahili kina maneno ya yote mawili. Huyu naye alitia saini mkataba asiouelewa.

Watetezi wa maneno haya husema ndiyo lugha ya biashara duniani. Lakini Uingereza kwenyewe kampeni ya kudai Kiingereza chepesi, Plain English Campaign, ilianza mwaka 1979, na Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ikizitaka ofisi za serikali kuu ziwaandikie wananchi kwa lugha inayoeleweka. Wenye lugha wanaikwepa mizunguko hiyo ya maneno. Waajiri wa hapa Tanzania wanaing'ang'ania.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe masharti ya ajira kwa maandishi, na mfanyakazi asiyeyaelewa aelezwe kwa namna atakayoelewa. Anayekusudia kupunguza watu lazima atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na chama chao au nao wenyewe. Kushauriana kwa lugha isiyoeleweka ni sawa na kutoshauriana. Kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, kwa miaka isiyozidi 10. Nani ataidai hesabu hiyo ikiwa barua inataja "package" (malipo ya jumla) tu?

Waajiri waandike wazi: ajira imekwisha tarehe fulani, kwa sababu hii, na malipo ni haya. Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021. Ofisi za utumishi zinangoja nini? Vyama vya wafanyakazi viikatae barua isiyosomeka. Na mfanyakazi asitie saini! Aombe nakala, aombe Kiswahili, aipeleke kwa anayejua. Aliyekwisha kutia saini wiki hii asikae nyumbani. Aende Tume sasa, siku 30 zimeanza kuhesabiwa.