Vita vya Jirani na Askari Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiharamisha damu ya mwanadamu ila kwa haki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani na katika mabweni ya shule. Ijumaa moja, baada ya sala huko Mbamba Bay, mzee mmoja mvuvi alitushika mkono akatuuliza: “Maalim, mwanangu ataka kuingia jeshini. Akipelekwa nchi ya watu wanaouana wenyewe kwa wenyewe, naye akafia huko, atakuwa amekufa katika nini?” Hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba atupe siku saba, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Swali hili si geni kwa watu wa Mbinga na wa mwambao wa Nyasa. Jirani yetu wa kusini ni Msumbiji, na mpaka haukukata udugu wa watu. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Haikupita miaka mingi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Renamo iliundwa kwa mkono wa utawala wa walowezi wa Rhodesia, kisha ikalelewa na makaburu wa Afrika Kusini. Mwaka 1984 makaburu walitia saini mapatano ya Nkomati kwamba wangeacha kuisaidia, nao hawakutimiza ahadi. Wakimbizi wakavuka Ruvuma kuja kwetu, na wengine zaidi ya hao wakaingia Malawi.

Mwishoni mwa mwaka 1986 Renamo walitapakaa katika bonde la Zambezi. Serikali ya Msumbiji iliomba msaada, na wakati wa uongozi wa marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi askari wetu wapatao 3,000 wakapelekwa Zambezia. Askari wa Zimbabwe walikwisha kuwapo wakiilinda njia ya Beira. Miji kadhaa ilikombolewa mwaka 1987. Mwisho wa mwaka 1988 askari wetu wakarudi. Wako wasiorudi, na baadhi yao wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Naliendele, Mtwara.

Je, ilikuwa halali? Wako wasemao kuwa ugomvi wa nyumba ya jirani si wetu. Sisi hatuwadharau wasemao hivyo, maana mara nyingi mwenye nguvu huingia kwa jina la kuamua, akatoka na mali ya wagomvi. Lakini tuitazame Suratul-Hujurat, aya ya 9. Mwenyezi Mungu anaamrisha makundi mawili ya waumini yakipigana, yasuluhishwe. Na moja likilifanyia jeuri jingine, lipigwe lile lenye jeuri mpaka lirejee kwenye amri yake. Likirejea, wasuluhishwe tena. Suluhu imetajwa mara mbili, kupigana mara moja tu. Na uadilifu umetiwa mkazo katika ile suluhu ya pili, kwa kuwa msuluhishi aliyekwisha kushika silaha ana hasira moyoni mwake, naye huenda akaelemea upande mmoja.

Mwanafunzi atasema: aya ni ya waumini, na Msumbiji mna watu wa dini mbalimbali. Kweli. Basi na akumbuke Hilful-Fudhul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa Makka, na wakuu wa Kikureshi wakaapa katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an kumsaidia kila mwenye kudhulumiwa. Mtume wetu alihudhuria kabla ya utume, na baada ya kupewa utume akasema kuwa angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Yule mgeni hakuulizwa dini yake.

Hata hivyo, bunduki hazikuvimaliza vita vya Msumbiji. Vilimalizwa mezani, Roma, tarehe 4 Oktoba, 1992, Rais Chissano na Dhlakama walipotia saini, baada ya watu wapatao milioni moja kupotea. Twaona kwamba askari waliwazuia wauaji wasiifikie miji, na hilo si dogo; ila suluhu ya kwanza ilichelewa mno.

Tangu Oktoba 2017 moto mwingine umewaka Cabo Delgado, na hapa hatuwezi kunyamaza, kwa sababu wauaji wamejitia jina la dini yetu. Mwezi Oktoba 2020 walivuka Ruvuma wakaua watu katika kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mwaka 2021 majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC, yetu yakiwamo, yaliingia huko. Mocímboa da Praia ikakombolewa mwezi Agosti, lakini mashambulizi hayakukoma. Enyi vijana, anayekuiteni mvuke mto kwa jina la jihadi akuonyesheni ni aya ipi inayohalalisha kumchinja mkulima shambani mwake. Hataipata.

Nawe mzee wetu wa Mbamba Bay, jibu letu ni hili. Mwanao akienda kwa kuitwa na wenye nchi, azuie mauaji, asiguse mbuzi wa mtu wala heshima ya mwanamke, arudi kazi ikiisha, basi twamtarajia ujira kwa Mola wake. Hatumwiti shahidi kwa yakini. Hilo analijua Yeye. Akienda kwa ajili ya ngawira, mzuie ungali baba yake.

Ewe Mola, warehemu waliolala Naliendele, na waliozikwa Zambezia bila ya jina, uwarudishe makwao waliokimbia Cabo Delgado. Amin.