Kutafuta Habari za Wazee Waliokuwa Keya



Katika nyumba za Wanubi, Bombo na kwingineko katika Uganda, si ajabu kukuta medali sandukuni. Ikiulizwa ni ya nani, jawabu ni kwamba babu alikuwa Keya. Zaidi ya hapo habari hukatika.

Asili ya jambo yajulikana. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alifika Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wa Emin Pasha, pamoja na mkubwa wao Selim Bey, na wake zao na watoto. Wengi wao waliingia katika utumishi wa Waingereza. Mwaka 1902 kikosi cha Uganda Rifles kiliunganishwa na vingine viwili, ikawa King's African Rifles, ndiyo Keya. Watoto na wajukuu walipigana katika vita vya 1914 hata 1918, na mwaka 1944 wengine walikuwa misituni mwa Burma.

Mwenye kutafuta hukimbilia fikira ya London, kwenye nyumba ya hifadhi iliyoko Kew. Ni kweli huko ziko orodha za medali. Lakini asitazamie kukuta jalada la maisha ya babu. Atakachopata ni nambari, cheo, jina na kikosi, basi.

Na hilo jina ndilo lenye taabu. Karani aliliandika kama sikio lake lilivyosikia. Fadhl Mula mmoja aweza kuwa Fademulla hapa na Fadimula pale, na jina la baba aghalabu liliachwa. Kwetu mtu hutambulikana kwa baba yake. Ukiondoa "bin fulani", wabaki Juma ishirini wasiotofautika. Nambari ndiyo isiyobabaisha, nayo imechorwa ukingoni mwa medali ya vita vile vya kwanza. Kwa hiyo isipelekwe kwa sonara kusuguliwa ing'are kwa ajili ya harusi! Kwanza ukingo usomwe, nambari iandikwe.

Wapagazi, hao wa Kariakoo, habari zao ni chungu zaidi. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya wengi katika waliokufa haikuwafikia warithi, kwa kuwa majina na vijiji havikuandikwa sawasawa. Mali ya marehemu ni haki ya warithi wake, nayo ilipotea kwa kalamu ya karani. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Basi kazi ianzie nyumbani. Wazee waulizwe sasa: jina la babu na la baba yake, jina alilopewa jeshini, kabila, mke aliyefuatana naye kambini, na mahali alipozikwa. Akina bibi waulizwe kwanza, maana wao ndio washikao nasaba za pande mbili, na mara nyingi hakuna aliyepata kuwauliza.