Taa Nyekundu ya Oili

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo katika motokaa, ambacho kimewapotezea watu wengi fedha zao, na wengine kimewaacha njiani usiku pamoja na wagonjwa wao. Kitu hicho ni taa nyekundu ya oili, ile yenye sura ya kibirika kinachodondosha tone, pamoja na kidude kinachoiwasha, ambacho mafundi hukiita swichi ya oili au sensa ya oili.

Twasema hasa nanyi mkaao wilaya za Tarime na Serengeti, maana njia zenu huzijaribu motokaa kwa namna nyingi. Gari litokalo Tarime mjini kwenda Mugumu hupanda na kushuka vilima, hupita Nyamwaga na Nyamongo, huvuka Mto Mara, kisha huingia nchi ya tambarare yenye vumbi wakati wa kiangazi na matope meusi yanatayo wakati wa masika. Asubuhi vilimani kuna baridi, nayo oili ni nzito kama asali. Mchana, gari likiwa limejaa watu na magunia ya mahindi, oili hupata moto ikawa nyepesi. Katika safari kama hiyo ndipo taa nyekundu huwaka, na dereva hana budi kuamua upesi afanye nini.

Kabla ya kusema la kufanya, yafaa tufahamu kazi ya oili. Chini ya injini pana bakuli la chuma liitwalo sampu, na oili hukaa humo. Pampu huivuta, huipitisha katika chujio, kisha huisukuma kwa nguvu mpaka kwenye beringi zinazouchukua mtaimbo mkuu wa injini, na juu mpaka kwenye vali. Nguvu hiyo ya kusukuma ndiyo iitwayo presha ya oili. Kwa sababu ya presha hiyo, chuma hakigusani na chuma, bali kila kimoja huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Presha ikitoweka, utando hukatika, chuma husaga chuma, na injini huweza kuharibika kwa muda wa dakika chache tu. Hapo ndipo watu husema injini imenoki.

Sasa tuitazame hiyo swichi. Kwa kawaida imefungwa ubavuni mwa injini, mara nyingi karibu na chujio la oili. Ndani yake mna kiwambo chembamba na springi ndogo. Injini ikiwa imelala, springi huvigusanisha vipande viwili vya chuma, umeme hupita kwenda katika mwili wa injini, na taa huwaka. Injini ikiamka, presha ya oili hukisukuma kiwambo, vipande huachana, umeme hukatika, na taa huzima. Kwa hiyo ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa yapasa kuwaka. Na injini ikiisha kuwaka, taa yapasa kuzima baada ya sekunde chache. Wanafunzi wanaotusikiliza watatambua kwamba hii si ajabu nyingine, ila ni njia ya umeme inayofungwa na kufunguliwa, kama walivyofundishwa darasani.

Basi taa hii ni shahidi. Wazee wa Kikurya wanapoketi katika iritongo kusikiliza shauri, hawamfungi mtu kwa neno la shahidi mmoja, wala hawamfukuzi shahidi kabla ya kumsikia. Humhoji, kisha humtafuta wa pili. Nasi twataka kila mwenye gari afanye vivyo hivyo, maana kuna madereva wa namna mbili wanaokosea. Wa kwanza huona taa nyekundu akasema, “Hiyo ni sensa tu,” akaendelea na safari. Wa pili huona taa hiyo hiyo akaogopa, akakubali injini yake ifunguliwe yote, auze na ng’ombe kulipia kazi, kumbe ubovu ulikuwa katika swichi ambayo bei yake ni ndogo sana. Wote wawili wamehukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Jambo la kwanza, taa ikiwaka njiani, ni kusimama mahali pa salama na kuzima injini. Msingoje kufika kituo kifuatacho. Swichi nyingi huwasha taa presha ikiwa imekwisha kushuka chini ya ratli 4 hadi 7 hivi kwa inchi ya mraba. Maana yake, shahidi huyu hasemi mapema. Akilia, maji yamekwisha kufika shingoni.

La pili, gari liwe mahali tambarare, ungojeeni muda wa dakika 5 hadi 10 ili oili ishuke katika sampu, kisha vuteni ule ufito wa kupimia. Upanguseni, urudisheni, uvuteni tena, mtazame. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongezeni, kisha mtafute inakovujia. Inuseni pia: ikinuka petroli au dizeli, imechanganyika na kuwa nyepesi mno. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Gari la namna hiyo lisiwashwe tena, bali livutwe.

La tatu, kumbukeni taa iliwaka wakati gani, kwa kuwa wakati nao husema. Ikiwaka gari linapopinda kona au linapopanda mlima mkali, aghalabu oili ni pungufu na imekimbilia upande mmoja wa sampu. Ikiwaka injini ikiwa moto na inazunguka polepole, ikazima mara mguu unapokanyaga mafuta, huenda presha ni ndogo kweli, kwa uchakavu wa beringi au kwa oili iliyo nyepesi kuliko ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Lakini ikiwaka na kuzima kila gurudumu linapoingia katika shimo, bila kufuata mwendo wa injini, shukuni waya uliolegea au uliochubuka.

La nne ni kuuhoji waya. Twasema juu ya magari yenye swichi ya waya mmoja, ambayo bado ni mengi katika nchi yetu. Magari mapya yenye nyaya nyingi na kompyuta yana kanuni zake, nayo yapelekwe kwa fundi mwenye kifaa cha kuyasoma. Injini ikiwa imezimwa, fungueni ufunguo ili taa iwake, kisha chomoeni waya kutoka kwenye swichi. Taa yapasa kuzima. Isipozima, waya umechubuka mahali fulani na kugusa mwili wa gari, nayo swichi haina hatia katika jambo hilo. Kama tangu mwanzo taa haiwaki kabisa, gusisheni ncha ya waya kwenye chuma cha injini. Ikiwaka sasa, basi globu na waya ni vizima, na mbovu ni swichi. Isipowaka, globu imeungua au waya umekatika.

Lakini hayo yote bado hayajatuambia kama presha ipo au haipo. Hapo ndipo tunapomhitaji shahidi wa pili, naye ni geji ya mkono, yenye mpira wake na sahani ya mshale. Injini ikiwa imepoa, fundi hufungua swichi kwa spana, huifunga geji mahali pake, kisha huwasha injini. Mshale usipopanda kwa muda wa sekunde 10 hivi, azime mara moja. Ukipanda, aiache injini ipate moto sawasawa, ndipo asome. Mafundi wengi hushika kanuni hii: ratli 10 hivi kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, maana injini hazifanani.

Sasa hukumu ni nyepesi. Geji ikionyesha presha nzuri, na hali taa ilikuwa ikiwaka, swichi ndiyo mwongo. Itolewe, iwekwe mpya. Geji ikionyesha presha ndogo, swichi ilisema kweli, na dereva aishukuru. Ndipo fundi atafute sababu kwa utaratibu, akianza na yaliyo rahisi: oili yenyewe, chujio lililoziba, kichungi cha ndani ya sampu, halafu pampu, na mwisho kabisa beringi. Mwenye gari akiambiwa kwamba injini yapasa kufunguliwa, ana haki ya kuuliza swali moja: “Geji imesomaje?” Fundi mwema hatachukia swali hilo.

Kuna neno dogo juu ya kuifunga swichi mpya. Swichi ya waya mmoja hupitisha umeme kwa njia ya meno yake ya parafujo kwenda katika mwili wa injini. Fundi akiizungushia utepe mweupe wa mabomba mara nyingi ili isivuje, aweza kuukata umeme, taa ikawa haiwaki hata presha ikitoweka. Tena meno ya swichi nyingi za magari ya Kijapani ni ya inchi 1/8 ya Kiingereza, nayo hayalingani sawasawa na ya Kimarekani. Asilazimishe kwa nguvu, asije akapasua injini.

Twaja sasa kwenye hatari iliyo kubwa kuliko taa inayowaka, nayo ni taa isiyowaka kamwe. Wako watu ambao, wakichoshwa na taa, huchomoa waya na kuuacha. Wengine hufanya hivyo wanapotaka kuuza gari. Kwa hiyo mtu anayenunua gari lililotumika, Sirari, Musoma au popote, na afungue ufunguo kwanza kabla ya kuwasha injini, atazame kama kibirika chekundu kinawaka. Kisipowaka, shahidi amefungwa kinywa, na mnunuzi aulize kwa nini.

Mtatuuliza: je, kama ndani ya gari yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa, na hospitali ya Mugumu ingali mbele? Je, tusimame tukipima oili? Twajibu, ndiyo, simameni. Kupima si kazi ya muda mrefu. Ikiwa oili imepungua na mnayo akiba, ongezeni, washeni, na taa ikizima endeleeni kwa mwendo wa taratibu mkiitazama. Lakini ikiwa oili ni kamili na taa haizimi, na hamna geji, msimbahatishe mama huyo. Pigeni simu liletwe gari lingine, au simamisheni gari lipitalo, wakati bado mko karibu na nyumba za watu. Injini ikifa porini kati ya vijiji, mtakuwa mmepoteza gari pamoja na saa ile ambayo mama aliihitaji. Dalili ya mvua ni mawingu. Aliyeyaona mawingu akaanika mahindi yake asiilaumu mvua.

Kwa hiyo twawashauri wenye magari ya abiria, na madereva wapelekao wageni katika mbuga ya Serengeti kwa lango la Ikoma, wachukue vitu vitatu daima: chupa ya oili ya namna ile ile iliyomo katika injini, kitambaa safi, na swichi moja ya akiba. Na mafundi kadhaa wa mji mmoja wakichanga fedha wakanunua geji moja ya kutumia kwa zamu, watakuwa wamewaokolea majirani zao injini nyingi, na ng’ombe wengi.

Hayo ndiyo maneno yetu ya leo. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, fungueni ufunguo mhesabu mpaka tatu, mkiitazama ile taa nyekundu. Kwaherini.