Bunju Akishachunwa

Msikilizaji, bunju akiwa mzima hana haja ya kutambulishwa. Magamba hana, macho yamemtoka, na meno yameungana mfano wa mdomo wa kasuku. Akitishwa hufakamia maji, na akiwa juu ya chombo hufakamia hewa, tumbo likajaa pomoni. Wale wa miiba ndio wa kutazama: akitulia, miiba imelala ubavuni, akivimba, ngozi inavutika na kila mwiba unasimama. Hana mbavu za kumbana, na tumbo lenyewe limeacha kusaga chakula, kazi hiyo imeachiwa utumbo.

Bunju ana sumu, ila huyu wa miiba ana nafuu kidogo. Kule Okinawa, Japani, humchuna, nyama wakaipikia supu. Lakini hao wanajua wanachokishika. Mimi leo nina neno juu ya asiyejua.

Septemba 1774, meli ya baharia Mwingereza, Kapteni James Cook, ilitia nanga kisiwani New Caledonia. Karani wake akanunua kwa wenyeji samaki ambaye melini hakuna aliyewahi kumwona. Wataalamu wa melini walikawia kumchora na kumwandika, kwa hiyo usiku ule likapikwa ini na mayai tu, Cook na wataalamu hao wakaonja kidogo. Bahati yao. Alfajiri Cook hakuweza kutofautisha kizito na chepesi. Chombo kilichojaa maji na unyoya vilikuwa sawa mkononi mwake. Nguruwe aliyekula matumbo alikutwa amekufa. Asubuhi wenyeji walipopanda melini wakamwona samaki ananing'inia, wakaashiria mara moja kwamba haliwi. Wakati wa kuuziana hakuna aliyesema kitu!

Hapo ndipo shida ilipo mpaka leo. Mwaka 2007, watu waliugua Chicago, Marekani, kwa samaki aliyeingizwa nchini humo kwa jina la samaki mwingine kabisa. Mwaka huohuo huko Thailand madaktari walilalamika kwamba nyama ya bunju ilikuwa ikipakwa rangi na kuuzwa kama samoni, na watu walikuwa wamekufa.

Kwetu pwani, mvuvi akimtoa bunju wavuni humrusha majini, na mtoto wa ufukweni anajua kwa nini. Ila samaki husafiri na ujuzi hubaki ufukweni. Akishachunwa, akakatwa kichwa na kugeuzwa vipande vyeupe, hata mimi niliyekulia kwenye chumvi sina cha kumtambulia, sembuse mama wa bara anayenunulia watoto kitoweo jioni. Na moto haumsaidii: sumu ya bunju haivunjwi kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na ndimu haiigusi.

Kwa hiyo rai yangu kwa wanaosimamia masoko ya samaki: kipande kisicho na ngozi wala kichwa kisipite mezani bila mwenye nacho kutaja ni samaki gani na ametoka wapi. Najua wachuuzi watanung'unika kwamba nawaongezea kazi. Wanung'unike. Wanaouza changu na kolekole hawana cha kuficha, na wateja wao watarudi.

Nawe msikilizaji, ukila samaki kisha midomo na ulimi vikaanza kufa ganzi, usinywe maziwa ukakaa kusubiri yafanye kazi. Sumu hii hulegeza misuli hadi ile ya kupumulia, na mgonjwa anaweza kuwa anasikia kila kitu huku hawezi kuinua hata kidole. Dawa ya kuiondoa haipo. Kinachookoa ni mashine ya kupumulia mpaka mwili uitoe wenyewe. Kwa hiyo ni hospitali, mbio, tena kubwa kama ipo karibu. Na mabaki ya samaki yatie mfukoni uende nayo, hasa ngozi na kichwa kama vilibaki, daktari apate kujua ulikula nini.