Kitambaa au Mtumba: Viunzi vya Tovuti na Programu Zilizo Tayari za Habari na Majadiliano

Niliombwa nilinganishe viunzi vya kujengea tovuti, kama Zope na Drupal, na programu zilizo tayari kwa habari na majadiliano, kama Slash na Scoop. Baadhi ni za kizamani. Nimezichagua makusudi: tabia zake zinajulikana, ilhali za leo bado zinatuahidi mambo.

Kiunzi ni kitambaa na cherehani. Zope, iliyotolewa huria mwaka 1998, ilikupa hifadhidata yake, kurasa na utaratibu wa ruhusa. Habari ipitishwe na nani, hilo ulijishonea. Programu iliyo tayari ni mtumba. Unauvaa siku hiyohiyo, ila ulikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Slash ilikatwa kwa kipimo cha Slashdot, tovuti aliyoianzisha Rob Malda mwaka 1997. Wahariri wachache huchagua habari, wasomaji huchangia, na baadhi ya wasomaji hupewa pointi za kupandisha au kushusha michango ya wenzao, kuanzia -1 hadi 5. Anayeficha jina huanzia 0. Aliyejiandikisha huanzia 1. Msidhani hiyo ni hesabu tu. Ni siasa ya baraza, imeandikwa na mafundi. Scoop ya Rusty Foster, iliyoendesha Kuro5hin, ilikuwa na siasa nyingine: wanachama wapige kura kabla habari haijatoka. Chombo chenye mhariri mkuu anayewajibika kisheria kikifunga Scoop jinsi ilivyo, kimemnyang'anya kiti bila hata kikao.

(Hata Joomla, programu nyingine ya tovuti, ambayo jina lake limetokana na neno letu “jumla”, ilizaliwa mwaka 2005 na waliojitenga na mradi wa Mambo. Jina ni letu, kipimo si chetu.)

Basi tujishonee? Miaka mingi nami nilisema hivyo. Kinachonisumbua sasa ni fundi. Drupal 8, ya Novemba 2015, ilijengwa upya juu ya vipande vya kiunzi kingine, Symfony, na moduli ulizojiandikia kwa toleo la 7 zikawa za kuandikwa upya. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 2014, lilitangazwa tundu kubwa la usalama katika Drupal 7. Wiki mbili baadaye timu ya usalama ikasema tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 ihesabiwe kuwa imeshaingiliwa. Kwa saa za Afrika Mashariki, tangazo lilitoka saa moja jioni, na muda ukaisha saa nane usiku. Fundi wenu angekuwa wapi?

Mtumba nao huchanika, lakini kiraka chake huja tayari, mradi hukuuchezea. Ukishabadilisha msimbo wake wa ndani, kila toleo jipya linafuta ulichoongeza, au unaacha kusasisha kabisa. Hilo la pili ndilo ninaloliona zaidi.

Msimamo wangu: penye fundi wa kudumu, mwenye mshahara, tumieni kiunzi. Pasipo, chukueni iliyo tayari, mrekebishe mipangilio tu, msiguse msimbo.

Naomba vikundi vya mchana vianze na karatasi tupu, kompyuta zikiwa zimezimwa. Andikeni nani anaruhusu habari itoke, nani anaweza kufuta mchango, na nani atapigiwa simu saa nane usiku.