Mtu wa Kazi Asiye na Hati: Maneno Yaliyosemwa kwa Watu wa Kamanga

Twasema nanyi hapa kandokando ya ziwa habari ya kazi na ujira. Yawahusu hasa watu wa mialo: wavuvi, waanika dagaa, wachukuzi wa mizigo ya kivuko, na vijana wa madukani. Wengi wao waliingia kazini kwa neno la mdomo. Tajiri alisema, "Njoo kesho," nao wakaja.

Twasikia mara nyingi ikisemwa kwamba asiyetia sahihi hana haki. Neno hilo si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri mwenyewe aandike jina la mtu wake, kazi yake, siku aliyoanza, mahali, saa za kazi na mshahara, tena aitunze hati hiyo miaka 5 baada ya kazi kwisha. Asipoandika, kosa ni lake. Ikitokea daawa naye hana hati ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha jinsi mapatano yalivyokuwa ni wa mwajiri, wala si wa mtumishi. Wazee wetu wa zamani za Waingereza walipewa kipande cha siku 30, na mtu aliyetoroka kazi aliweza kufungwa. Basi si ajabu wengine kuiogopa karatasi hata leo.

Lakini tajiri aweza kusema, "Huyu si mtumishi wangu, ni mshirika tu." Tuseme kijana huvua dagaa usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi. Mtumbwi, taa na nyavu ni vya tajiri. Mapato yakiisha kutolewa gharama ya mafuta, kijana hupewa fungu lake. Je, ni mshirika? Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, yauliza: Ni nani aamuruye kazi yake na saa zake? Vyombo ni vya nani? Je, riziki yake yatoka kwa mtu huyo? Amtumikia yeye peke yake? Katika miezi 3 iliyopita amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi? Likipatikana hata moja katika hayo, huhesabiwa mtumishi mpaka tajiri athibitishe vinginevyo.

Na mtumishi ana stahili zake. Saa za kawaida ni 45 kwa juma, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Alipwaye kwa mwezi hupewa taarifa ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Asiyetimiza miezi 6 halindwi na sehemu ya sheria inayokataza kuachishwa isivyo haki, bali ujira wa siku alizofanya ni wake.

Twawashaurini kila mtu awe na daftari, hata la kurasa chache, aandike siku, saa na fedha aliyopokea. Ujumbe wa fedha iliyotumwa kwa simu usifutwe. Wenzako wa mtumbwi ni mashahidi, basi yajue majina yao kamili, si yale ya utani tu.

Jambo linalowaponza wengi ni siku. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, siku 60. Tajiri husema, "Ngoja dagaa wauzwe," nawe wangoja, mwezi wapita. Aliyechelewa aweza kuomba asikilizwe akiwa na sababu njema, wala si hakika kukubaliwa. Ofisi ya Tume iko ng'ambo, mjini Mwanza. Fomu hujazwa, nakala hupewa mwajiri kwanza, na uthibitisho kwamba ameipata huchukuliwa pamoja na fomu.