Karatasi Ambayo Mwalimu Mkuu Hajaiandika

Msikilizaji, kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatangazwa, kuna watoto wa huku kwetu Ukambani wanaoingia saiba za Kitui na Wote wakiwa na gredi ya A mkononi, kutoka shule ambazo jina lao halijawahi kuvuka mipaka ya wadi. Wanataka kujaribu chuo kikuu cha Marekani. Wanafungua fomu, wanaona wenzao wa kwingineko wakitaja kozi za AP, wengine A-level. Wao wana masomo manane ya KCSE, basi. Wanaifunga fomu na kurudi nyumbani.

Ninasema wasiifunge. AP ni kozi za kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo ambazo sekondari za Marekani hufundisha chini ya shirika liitwalo College Board. Mtihani wake hufanywa mwezi Mei, na alama ni 1 hadi 5. Hapa Kenya utazikuta Rosslyn Academy jijini Nairobi, au Rift Valley Academy kule Kijabe. Kanyangi, huku kwetu Kitui, huzikuti. A-level nayo tulikuwa nayo wenyewe, kidato cha tano na cha sita, mpaka serikali ilipoifuata ripoti ya Mackay ya mwaka 1981 na kuleta mfumo wa 8-4-4. Waliofanya mtihani wa mwisho wa kidato cha sita waliufanya mwaka 1989, mwaka uleule KCSE ilipoanza.

Kwa hiyo mtoto wa Kanyangi hakuzikwepa kozi hizo. Hazipo. Na vyuo vya Marekani, vile vinavyosoma maombi kwa makini, huanza kwa kuuliza shule ya mwombaji ilimpa nafasi ya kusoma nini, kisha vinaangalia aliitumiaje nafasi hiyo. Taabu ni kwamba jibu la swali hilo haliandikwi na mtoto. Linaandikwa na shule.

Hapo ndipo tunapoangukia. Fomu inayotumiwa na vyuo vingi, Common App, ina sehemu ya shule peke yake. Shule inaombwa iambatanishe wasifu wake, karatasi moja au mbili: ni ya kutwa au ya bweni, ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani, ina maabara au haina, darasa zima lilipata gredi zipi. Halafu anayejaza anaulizwa: ukilinganisha na wenzake hapo shuleni, huyu alichukua masomo mazito kiasi gani? Mwalimu mkuu wetu, mtu wa haya, anawaza kwamba sisi ni shule ndogo tusijikweze, anatia alama kwenye wastani. Unyenyekevu huo, ambao kanisani ungesifiwa, unamwangusha mtoto. Aliyebeba hisabati, fizikia, kemia na baiolojia pamoja, katika shule ambayo haina zaidi ya hayo, amechukua mzigo mzito kuliko wote. Weka alama hapo. Ni kweli tupu.

Na waelezwe hisabati yenyewe ina nini. Mtoto aliyefanya hisabati ya KCSE, ile Alternative A, amefundishwa vekta, matriki na trigonometria, na katika kidato cha nne akagusa mlango wa kwanza wa kalkulasi. Afisa wa udahili aliyeko Massachusetts akiona neno hisabati peke yake, atajuaje hayo?

Halafu kuna barua ya mwalimu. Nyingi zinasema mistari mitatu: ni mtiifu, ana nidhamu, tunampendekeza. Barua hiyo ungeweza kuiandikia nusu ya shule. Mwalimu wa kemia aandike kwamba maabara ilipokosa vifaa msichana huyu aliandaa jaribio kwa vyupa vya dawa, kama kweli alifanya hivyo. Kama hakufanya, aandike alichofanya. Walimu wetu wana habari kama hizo tele na huzisimulia vizuri sana kwenye chai ya saa nne.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1959 Tom Mboya alipopeleka ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 Marekani, wengi wao hawakuwa na cheti cha juu cha sekondari kilichotakiwa na Waingereza. Nafasi za kukisomea zilikuwa chache mno kwa Waafrika, na wapo maafisa wa kikoloni waliozidharau shahada za Marekani. Mwaka uliofuata akaondoka Wangari Maathai, aliyekuwa ametoka tu kumaliza kidato cha nne Loreto Limuru, akaenda chuo kidogo cha masista jimboni Kansas. Yaliyofuata unayajua.

Karibu zaidi na wakati wetu, mwaka 2004, John Manners, mwandishi wa Marekani, na Mike Boit, mwanariadha aliyeshinda shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, walianzisha mradi wa KenSAP kwa vijana wa Bonde la Ufa. Waliwakusanya Iten, wakawafundisha SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na namna ya kuandika maombi. Vijana wenye KCSE tu wamefika Harvard, Yale na Princeton kwa njia hiyo. Ukambani tuna vichwa kama hivyo. Ambacho hatuna ni watu wa kukaa nao.

Sitawadanganya kuhusu Uingereza. Kule vyuo vingi haviichukui KCSE peke yake kwa mwaka wa kwanza wa shahada. Vinataka A-level, au mwaka wa msingi unaolipiwa kwa pauni. Wakala akikuahidi vinginevyo na kudai ada ya usajili, mwombe akuonyeshe masharti hayo kwenye tovuti ya chuo chenyewe kabla hujauza mbuzi.

Marekani nako si rahisi. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hazitazami pesa za mwanafunzi wa kigeni wakati wa kumchagua, na zikimchukua humpa msaada kulingana na hali ya kwao. Lakini kati ya waombaji 100 hazichukui hata 10. SAT nayo, ambayo vyuo kadhaa vimeirudisha kuwa ya lazima, inamgharimu mtoto wa huku zaidi ya dola 100, na msamaha wa ada hiyo umewekewa wanafunzi wa Marekani. Ongeza nauli ya Nairobi, mahali pa kulala, na laptopu, maana siku hizi mtihani hufanywa kwenye kompyuta. Basari ya wadi inalipa karo. Sioni kwa nini isilipe pia ada ya mtihani wa watoto wawili au watatu waliofaulu kweli. Na mtoto asiiache nafasi ya chuo cha hapa nchini aliyopewa na KUCCPS kwa ajili ya ndoto. Ila kabla ya kuanza masomo aulize, kwa sababu baadhi ya vyuo vya nje humhesabu aliyekwisha kuanza chuo kingine kuwa mtu anayehama, na msaada wa wanaohama huwa haba.

Kwa nini ninayasema haya sasa, na kwa haraka? KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na watatoka na cheti ambacho afisa wa udahili wa ng'ambo hajawahi kukishika. Shule isiyojieleza itakuwa imemtuma mtoto wake akiwa bubu.

Basi ombi langu nalielekeza kwa walimu wakuu wa Kanyangi, Kisasi, Mbitini na Kwa Vonza, na wenzao wa ng'ambo ya Mto Athi kule Makueni. Fanyeni kazi ya pamoja, mwethya wa siku moja, wakati wa likizo. Waiteni wahadhiri wa chuo kikuu cha SEKU, ambacho kiko hapohapo Kwa Vonza, wawasaidie kuandika. Kila shule itoke na wasifu wake, uliopigwa muhuri, na nakala ibaki kwa mwalimu wa ushauri. Nanyi wazazi, mkutano ujao wa shule ukifika kipengele cha mengineyo, inukeni muulize kama karatasi hiyo ipo.